Kisanduku Kikikataa Mtandao, Usikimbilie Garsen

Ukiwa mkazi wa Chara au kijiji chochote cha delta ya Tana, huhitaji kuelezwa maana ya barabara kukatika. Mwishoni mwa 2023 mto ulifurika watoto wakiwa katika mtihani wa KCSE, na 2024 ukafurika tena. Siku kama hizo, ile kompyuta ndogo ya kiganjani iitwayo Raspberry Pi, yenye masomo ndani yake, ni mali kubwa. Bahati mbaya, nyingi hufungiwa kabatini zikidaiwa kufa, kumbe zimekosa mtandao tu.

Kisa chenyewe huwa hivi. Kisanduku kilizoeshwa mtandao wa simu ya mwalimu au mjomba. Simu ikabadilishwa, au mwenyewe akahamia Malindi, nacho kikabaki kumtafuta. Jina la mtandao na neno la siri lazima vilingane herufi kwa herufi; kwake "Chara" na "chara" ni mitandao miwili. Tena simu nyingine mpya hutoa mtandao kwa masafa ya 5 GHz, ilhali Pi 3 ya kwanza, ile ya 2016, husikia 2.4 peke yake. Badilisha kwenye simu, usimsingizie fundi. Na kama nchi haijachaguliwa, waifai yaweza kufungwa kabisa: andika sudo raspi-config, ingia Localisation, uweke KE.

Lakini ukiniuliza mimi, kisanduku cha shule au cha nyumbani hakina haja ya kudandia simu za watu. Kipe mtandao wake chenyewe.

Chomeka kibodi, na televisheni yenye tundu la HDMI iwe skrini. Andika sudo nmtui. (Wale mliozoea kutia faili ya wpa_supplicant kwenye kadi, njia hiyo iliachwa katika toleo la Oktoba 2023.) Chagua Edit a connection, kisha Add, kisha Wi-Fi. Penye Mode weka Access Point. Andika jina, chagua ulinzi wa WPA, na neno la siri lisipungue herufi 8. Penye IPv4 weka Shared. Hakikisha Automatically connect ina alama. Ule mtandao wa zamani wa mjomba ufute, usije ukang'ang'aniwa. Zima, washa.

Kama mmeweka programu ya masomo ya Kolibri, mtoto atashika mtandao huo kwa simu yoyote, aandike 10.42.0.1:8080, masomo yafunguke bila bando hata la shilingi moja. Sola ikiwaka, inatosha.

Kuna gharama moja. Kikitoa mtandao wake, kwa kawaida hakishiki wa simu papo hapo. Kwa hiyo masomo mapya yapakueni mapema, kabla mawingu hayajaanza kukusanyika.