Waraka kwa Wanachama: Tuache Kuchaguliwa Filamu, Tuchague Wenyewe

Ndugu wanachama wenzangu,

Nawashukuru wote mliotoa mchango wa mwezi huu mapema. Ada ya Netflix imelipwa na bando lipo. Waraka huu unahusu ratiba yetu ijayo. Tulikubaliana kikaoni kwamba zamu hii ni ya komedi za mapenzi, na mimi niliyepewa kazi ya kupanga ratiba nina ombi kubwa kwenu: tuzichague filamu hizi sisi wenyewe, kwa kuzijua, kabla hatujakaa mbele ya runinga.

Hali ilivyo sasa kila mmoja anaijua. Tunakutana Jumamosi, rimoti inazunguka mkono kwa mkono, picha zinapita kwenye skrini, watoto wanaanza kusinzia, na hatimaye tunawasha iliyo juu kabisa kwa kuwa watu wamechoka kutafuta. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza hatukuwa na uchaguzi. Mwenye banda aliweka alichonacho, nasi tukatazama. Leo uchaguzi tunao, ila hatuutumii. Inaniuma, kwa sababu komedi nzuri ya mapenzi ni kitu adimu. Ni mahali ambapo mtu mzima anaweza kuwatazama watu wawili wakijifunza kusemezana, akacheka, na akarudi nyumbani akiwa mpole zaidi kwa mwenzake. Wanaoziita filamu za kupotezea muda wamezitazama zile mbovu tu, na zile mbovu ndizo zinazotukimbilia zenyewe.

Tuanze na picha, maana ndiyo inayotuponza. Mwaka 2017 wahandisi wa Netflix walieleza hadharani jinsi picha za kwenye skrini zinavyopangwa. Mfano mmoja walioutoa ni Good Will Hunting, filamu ya mwaka 1997. Aliyezoea kutazama mapenzi ataonyeshwa picha ya Matt Damon na Minnie Driver wamekaribiana nyuso. Aliyezoea vichekesho ataonyeshwa Robin Williams. Filamu ni hiyo hiyo moja, na wala si komedi ya mapenzi: ni habari ya kijana mwenye kipaji cha hesabu na majeraha makubwa ya utotoni. Kwa hiyo busu mnaloliona pale juu limewekwa kwa sababu sisi ni watu wa kubonyeza mabusu. Halituambii lolote kuhusu kilichomo ndani.

Namba nazo tuzipokee kwa tahadhari. Kuna wakati, kuanzia mwanzoni mwa mwaka 2020, Netflix ilimhesabu kuwa mtazamaji yeyote aliyeitazama filamu kwa dakika 2. Sasa wanagawa jumla ya saa zilizotazamwa kwa urefu wa filamu, na huo ni utaratibu wa haki zaidi, lakini bado unapima watu waliokaa, haupimi walioridhika. Hata asilimia za Rotten Tomatoes, ambazo baadhi yenu huniletea kama hukumu ya mahakama, ni hesabu ya wahakiki wangapi waliipa filamu alama ya kupita. Filamu ambayo kila mhakiki ameiona si mbaya inaweza kupata 100, na ile iliyowagusa nusu yao hadi machozi na kuwaudhi nusu nyingine ikabaki na 50. Mimi ningependa tuione hiyo ya pili.

Basi tutumie kipimo gani? Nawaomba tuulize swali moja kwa kila filamu inayopendekezwa: ni kitu gani kinachowazuia hawa wawili wasiwe pamoja leo hii? Kama jibu ni simu ambayo hakuna aliyeipiga, au maneno yaliyosikika nusu nusu mlangoni, tuiache. Mtu hawezi kukaa saa nzima na nusu akisubiri watu wazima waambiane jambo la dakika moja. Lakini kama kizuizi kimo ndani ya watu wenyewe, katika woga wao, kiburi chao, kazi zao, au deni wanaloliona kwa wazazi wao, hapo kuna filamu.

Wakubwa kati yetu wanaikumbuka When Harry Met Sally..., ya mwaka 1989, iliyoandikwa na Nora Ephron na kuongozwa na Rob Reiner. Mapema kabisa Harry na Sally, ambao hata hawajazoeana, wako safarini kwa gari kutoka Chicago kwenda New York. Wanasimama kula, na Sally anaagiza pai kwa masharti yasiyoisha: ipashwe moto, aiskrimu ikae pembeni, na kama aina anayoitaka haipo, basi iwe hivi, na kama hivi haiwezekani, iwe vile. Harry anamtazama kama mtu aliyekutana na kiumbe kigeni. Miaka 12 inapita. Usiku wa kuamkia mwaka mpya Harry anapomweleza Sally kwa nini anampenda, kule kuchelewa kwake kuagiza chakula kumo kwenye orodha. Kile kile kilichomkera ndicho anachokitaka sasa, na Sally hakubadilika hata kidogo. Aliyebadilika ni mwenye kutazama. Inasemekana sana kwamba mapenzi ni upofu, lakini filamu hii inaonyesha mtu anayefumbuliwa macho polepole. Ephron mwenyewe alikuwa akiagiza chakula kwa namna hiyo hiyo, na ndiyo maana tukio lile lina uhai.

Sasa nije kwa zile za Netflix zenyewe, na hapa naomba wazazi mnisikilize kwa makini. Mwaka 2018 zilitoka filamu mbili za wanafunzi wa sekondari, kwa watazamaji wale wale. Moja ni The Kissing Booth. Nyingine ni To All the Boys I've Loved Before, iliyotokana na riwaya ya Jenny Han. Ya kwanza ilipata umaarufu mkubwa na ikaendelezwa mara mbili. Mabinti zetu wanaipenda, najua. Lakini stelingi wake, Noah, amewatisha wavulana wa shule nzima wasimsogelee Elle, msichana wa filamu hiyo, na Elle mwenyewe hana habari. Filamu inataka tulione jambo hilo kuwa ni pendo, ati kijana anajali. Sioni kujali hapo. Mwanamume anayekufungia milango bila kukuuliza ni wa kukimbiwa, na sitaki binti wa yeyote kati yetu ajifunze kinyume chake akiwa amekaa kwenye mkeka wetu, huku sisi tunacheka. Napendekeza isiingie kwenye ratiba kabisa.

Ile ya pili ni tofauti kama mchana na usiku. Lara Jean amefiwa na mama yake, na anaandika barua za mapenzi ambazo hana nia ya kuzituma. Mdogo wake ndiye anayezituma. Kinachomzuia asimpende Peter, mmoja wa walioandikiwa, waziwazi ni woga alionao tangu msiba ule: ukimruhusu mtu aingie maishani mwako, umempa pia uwezo wa kuondoka. Kuna sehemu wawili hao wamekaa mgahawani usiku, wapenzi wa kuigiza tu kwa makubaliano ya maandishi, na mazungumzo yanafika kwa baba yake Peter aliyeiacha familia. Hakuna anayembusu mwenzake. Ni vijana wawili tu, kila mmoja na pengo la mzazi nyumbani, na kila mmoja anamwachia mwenzake amalize kusema. Hiyo tuwaonyeshe mabinti, na wavulana pia wakae pale pale.

Kwa watu wazima, naiweka mbele Always Be My Maybe ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Nahnatchka Khan. Ali Wong na Randall Park, ambao pia waliiandika pamoja na Michael Golamco, ni Sasha na Marcus, waliokua majirani San Francisco. Wazazi wa Sasha wako dukani muda wote, kwa hiyo anakula kwa akina Marcus, na mama yake Marcus, Judy, ndiye anayemfundisha kupika. Judy anafariki. Sasha anakuwa mpishi mkubwa mwenye mikahawa. Marcus anabaki na baba yake, wakifunga viyoyozi kwenye nyumba za watu. Kinachowatenga tunakijua hapa kwetu: fedha za mwanamke zimezidi za mwanamume, na kijana anajificha nyuma ya kumtunza mzazi kwa sababu anaogopa kutoka. Marcus anachukia kuwa mwanamume wa kushika mkoba wa mtu maarufu. Mwishoni anakwenda mwenyewe, mbele ya kamera, kuomba aushike. Na Sasha anampeleka kwenye mkahawa wake mpya: jina lililo mlangoni ni la Judy, na mapishi yaliyo kwenye menyu ni ya Judy. Nawaomba mzingatie jinsi marehemu yule alivyokuwemo katika filamu yote, kwenye vyungu na vijiko, bila mtu kutuhubiria.

Za Afrika tusizisahau. The Wedding Party ya Nigeria, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Kemi Adetiba, inakwisha ndani ya siku moja ya harusi Lagos, Wayoruba upande huu na Waigbo upande ule. Mama mkwe anayeona mwanawe angepata bora zaidi hahitaji kutafsiriwa kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi hapa kwetu. Jirani zetu wa Nairobi nao wana Disconnect ya mwaka 2018, ya Tosh Gitonga na Michael Jones. Sioni kwamba inafikia ile ya Nigeria, maana marafiki ni wengi na hadithi inatawanyika, lakini mazungumzo yake ni ya mjini kweli na inastahili jioni moja.

Kuhusu bando: kwa makadirio ya Netflix yenyewe, picha ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na ya kawaida takriban 1. Mwenye waifai ofisini au nyumbani atusaidie kupakua filamu kabla ya siku yenyewe.

Utaratibu basi uwe hivi. Kila mwanachama aniletee jina la filamu moja, pamoja na jina la aliyeiandika, na sentensi moja inayosema ni nini kinachowatenga wapenzi wake. Anayeshindwa kuiandika sentensi hiyo aitafute filamu nyingine. Anayemjua mwandishi aliyempendeza amfuatilie, kwani aliyependa Set It Up ya Katie Silberman atafika mbali zaidi kwa jina hilo kuliko kwa picha mia. Tukiianza filamu na robo saa ikapita hatujamjali yeyote ndani yake, mtu yeyote, hata mgeni, anyooshe mkono tuizime.

Napokea mapendekezo hadi Alhamisi jioni. Jumamosi tunafungua na Always Be My Maybe, saa kumi na mbili na nusu, na akina mama wa zamu ya chai naomba mnijulishe idadi ya vikombe.

Wenu katika chama,
Mpanga ratiba