Bustani ya Wote, Tovuti ya Wachache

Katika nchi inayojadili Katiba, ajira za vijana na gharama za maisha, makala kuhusu tovuti ya watu wanaokata nyasi inaweza kuonekana kazi ya mtu asiye na kazi. Hata hivyo naomba nisikilizwe. Mijadala yetu ya haki hupenda kukaa juu, kwenye ibara na mikataba ya kimataifa, mahali ambapo hakuna anayebisha. Ubishi huanza pale haki inaposhuka hadi kwenye kitufe kilichoandikwa "Agiza hapa".

Huduma ninayoizungumzia ni ya kawaida kabisa. Vijana wachache wenye kitalu cha miche kando ya Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, wanapanda ukoka, wanapogoa michongoma, wanauza miche ya maua na matunda na kupeleka samadi majumbani. Kikundi chao kilianza kwa mkopo wa halmashauri. Baada ya miaka kadhaa ya kutegemea WhatsApp na wapita njia, wakachanga fedha na kutengenezewa tovuti. Inavutia kuitazama: picha kubwa za bustani zinazopishana zenyewe, maandishi ya rangi ya majani machanga juu ya weupe, bei zote katika bango moja la picha, video ya kijana akieleza namna ya kupogoa mwembe, kalenda ambayo siku zilizojaa ni nyekundu na zilizo wazi ni kijani, na mwisho kabisa namba ya simu yenye neno moja, "Tupigie". Karibu kila kitu nilichokitaja hapa kinamfungia mtu mlango.

Tuanze na bango la bei, kwa kuwa ndilo ugonjwa wa biashara zetu nyingi. Mtu asiyeona hutumia simu ileile tunayoitumia sisi. Tofauti ni kwamba programu ya kusoma skrini humtamkia kilichoandikwa. Simu nyingi za Android zinazouzwa Kariakoo tayari zina programu hiyo, na kwa kompyuta ipo NVDA, inayotolewa bure, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili ambao wenyewe hawaoni. Teknolojia ipo, basi. Lakini programu hizo zinategemea maandishi. Bei zikichorwa ndani ya picha, na picha isipowekewa maelezo mafupi ya maandishi nyuma yake, msikilizaji ataambiwa tu kwamba hapa pana picha, au atasomewa jina la faili lenye tarakimu zisizo na maana. Hatajua kama mche wa mparachichi ni shilingi elfu tano au elfu hamsini.

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, asiyeona, alitaka kumpandia mama yake asumini na mrehani karibu na baraza. Nilimpa kiungo cha tovuti hiyo. Siku ya pili akanijia ofisini. "Mwalimu," akasema, "nimezunguka humo nusu saa. Inaniambia kitufe, kitufe, kitufe. Kitufe cha nini, haisemi." Vitufe vilikuwa na alama za kuchora, kikapu, simu na jani, bila jina lolote ndani ya msimbo. Alichokuwa akikisikia ni nyumba yenye milango mingi isiyo na vibao.

Akaniongezea jambo ambalo wataalamu wengi hawalisemi, na ambalo kwa maoni yangu ni aibu yetu zaidi kuliko yao. Tovuti ile imeandikwa kwa Kiswahili, lakini imejengwa juu ya kiolezo cha kigeni ambacho mwanzoni kabisa, mahali pasipoonekana na msomaji, kinatangaza kuwa lugha ya ukurasa ni Kiingereza. Programu ya kusoma huamini tangazo hilo. Basi inachukua Kiswahili chetu na kukitamka kwa mdomo wa Kiingereza, "miche" ikatoka kama jina la Mzungu tusiyemfahamu. Sauti ya Kiswahili ipo, na sehemu yake imetengenezwa na watu wa kujitolea. Inachohitaji ni kuitwa kwa herufi mbili tu, "sw", ambazo ndizo alama ya kimataifa ya lugha yetu kwenye kompyuta. Kila tarehe 7 Julai tunavaa vitenge na kuadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Hotuba huwa ndefu. Herufi mbili hatuandiki.

Kuna kundi jingine ambalo hapa kwetu halipaswi kusahaulika. Watu wenye ualbino, ambao nchi hii imewaonyesha ukatili ambao sina haja ya kuusimulia, wengi wao wana uoni hafifu, na jua la saa saba mchana kwao ni hatari ya saratani ya ngozi. Kuwaambia waje kitaluni wazunguke juani wakichagua miche ni kuwaambia wasije. Tovuti ingekuwa kivuli chao. Lakini maandishi yale ya kijani hafifu hayasomeki kwao, na ukurasa umefungwa usiweze kukuzwa kwa vidole. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa tovuti, inayojulikana kwa kifupi kama WCAG, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1999 na la 2.2 mwaka 2023, inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijani cha majani machanga juu ya weupe mara nyingi hakifikii hata nusu ya kiwango hicho. Dawa ni kuchagua kijani cha jani la mwembe lililokomaa. Haigharimu hata senti.

Kalenda ya nyekundu na kijani haimfai asiyetofautisha rangi hizo mbili, ilhali neno "imejaa" lingetosha. Kiziwi naye video ya mwembe haimwambii kitu kwa kuwa haina manukuu, na "Tupigie" ni karibu na dhihaka. Ujumbe mfupi ungemaliza tatizo.

Nilipomweleza kiongozi wa kikundi haya, hakukasirika. Alicheka. "Dokta, bustani ni kitu cha kuangalia. Wateja wangu ni watu wa macho." Ni hoja inayosikika ya akili, na ndiyo sababu inahitaji kujibiwa kwa uzito. Kwanza, bustani si ya macho peke yake. Muulize mtu wa pwani asumini, kilua na mlangilangi hupandwa kwa ajili gani. Pili, mteja aliyeshindwa kuingia hahesabiki. Hapigi simu kulalamika, anaondoka tu. Mwenye duka lenye ngazi kumi mlangoni anaweza kuapa kwamba hajawahi kupata mteja wa kiti cha magurudumu, na atakuwa anasema kweli tupu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani takriban asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa. Bila shaka baadhi yao wana viwanja vyenye nyasi ndefu.

Kuna pia upande ambao kiongozi yule hakuufikiria. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chake kilichota kwenye zile nne. Kikundi cha watu wenye ulemavu kilichochota kwenye zile mbili, kikitaka kununua miche kianze kilimo cha mboga, kinakuta duka la wenzao wa kapu lilelile limefungwa. Na sheria inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu ina maana gani ikiwa ofisa asiyeona, akipewa kazi ndogo ya kutafuta mtu wa kukata nyasi za ofisi, lazima aazime macho ya mwenzake?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Wanaharakati huutaja mkataba huo kama ngao, lakini inafaa tuusome kwa makini. Ibara ya 9 inazitaka serikali zihakikishe kuwa taasisi binafsi zinazotoa huduma kwa umma zinazingatia ufikivu. Ibara ya 21, inapofika kwenye huduma za intaneti hasa, inasema serikali zizihimize taasisi hizo. Kuhakikisha na kuhimiza ni vitu viwili, na katika nafasi iliyo baina ya vitenzi hivyo ndimo tovuti yetu ya bustani inamoishi.

Je, tumshtaki mkata nyasi? Hapana, na hapa natofautiana na baadhi ya rafiki zangu. Hata Umoja wa Ulaya, ambao sheria yake ya ufikivu ilianza kutumika tarehe 28 Juni 2025, umewasamehe watoa huduma wadogo kabisa wenye wafanyakazi wasiofikia 10 na mauzo yasiyozidi euro milioni 2 kwa mwaka. Faini kwa kikundi cha vijana sita ingezaa kitu kimoja: tovuti ingefungwa, na sote tukabaki bila. Wala nisingewashauri wanunue vile vijiprogramu vinavyodai kurekebisha tovuti yoyote kwa mstari mmoja wa msimbo. Mwezi Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani iliitaka kampuni moja inayouza dawa ya aina hiyo ilipe dola milioni 1 kwa madai yasiyo ya kweli.

Mzigo uwekwe palipo na mabega. Vijana wale hawakuandika msimbo. Aliyeuandika ni mhitimu wa chuo chetu au chuo kama chetu. Alifundishwa kanzidata, mitandao na usalama wa mifumo. Aulizwe ni lini katika miaka mitatu aliambiwa afumbe macho, azime skrini na kujaribu kuagiza kitu kwenye kazi yake mwenyewe kwa kutumia kibodi na sauti tu. Zoezi hilo halihitaji maabara wala mfadhili. Idara za kompyuta zinaweza kuliingiza muhula ujao kama sharti la kufaulu mradi wa mwisho, na ningependa kusikia hoja ya mkuu wa idara anayekataa.

Bega la pili ni la mnunuzi mkubwa kuliko wote, yaani Serikali. Wizara, halmashauri na mashirika ya umma hununua tovuti na mifumo kila mwaka. Mkataba ukitamka kwamba mfumo hautapokelewa wala kulipiwa kabla ya mtumiaji asiyeona, mwenye uoni hafifu na kiziwi kuujaribu na kuukamilisha, mafundi wote wa nchi hii watajifunza ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa hakuna mwalimu mkali kama malipo yaliyozuiwa. Fundi aliyejifunzia kwa fedha ya wizara hatasahau ujuzi huo akienda kumjengea muuza miche. Sharti hilo haliisubiri sheria mpya. Linaandikwa kwenye vigezo vya zabuni, na maofisa ununuzi wanaonisoma wanajua ukurasa gani.

Vijana wa kitaluni, kwa taarifa tu, wameshaandika bei zao kwa maandishi na kuongeza namba ya ujumbe mfupi. Vitufe bado havina majina. Fundi wao amesema anaomba muda, kwani jambo hilo hajawahi kuombwa na mteja yeyote.