De Vinna, Tarzan na mama mchuma chai

Wadau, mnamjua Clyde De Vinna? Wengi hamjamsikia, ila kazi yake huenda mmeiona.

Huyu bwana alikuwa mpiga picha za sinema wa Hollywood tangu enzi za filamu bubu. Alizaliwa Missouri, Marekani, mwaka 1890, akafariki 1953, akiwa amepiga filamu zaidi ya 100. Mwaka 1930 alipewa Oscar kwa White Shadows in the South Seas, iliyopigwa huko Tahiti. Hakuwa mtu wa kujifungia studio.

Ndiyo maana mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimleta Afrika Mashariki kupiga Trader Horn, chini ya mwongozaji W. S. Van Dyke. Walizunguka Kenya, Uganda, Kongo na hata Tanganyika. Pamoja na jua na malaria, alipata picha za maporomoko ya Murchison na makundi ya wanyama. Filamu ilitoka 1931, ikawania Oscar ya filamu bora. Picha nyingine za safari ile zikatumika tena kwenye Tarzan the Ape Man ya 1932. Yaani Tarzan mwenyewe yuko California, wanyama ni wa kwetu!

Kwa kazi, De Vinna namvulia kofia. Kinachoniuma ni kingine. Mutia Omoolu, Mwafrika aliyeigiza kama msaidizi wa Horn, alitajwa jina, akapelekwa hadi California kumalizia filamu. Lakini wapagazi, wapishi na wanakijiji waliojaa kwenye zile picha? Wamebaki mandhari tu, kama miti.

Msikimbilie kusema hayo yalikuwa ya mkoloni. Fungueni magazeti yetu. "Mama akichuma chai wilayani Rungwe." Basi! Mheshimiwa aliyesimama pembeni yake kwa dakika tano ametajwa jina, cheo na chama. Mama yule, hapa Ibighi watoto wote wanamjua kwa jina, ukoo na shamba lake. Gazetini hana jina.

Kuuliza jina hakuhitaji bajeti ya MGM. Ni daftari, kalamu na dakika moja. Miaka 90 ijayo wajukuu watazitafuta picha hizi. Bila majina watamtambuaje bibi yao?

Waandishi wenzangu, na nyie wenye kamera za simu, mwasemaje?