Sensa Haidanganyi? Pangusa Lensi Kwanza

Wasee, leo tunaongea kuhusu sensa. Hapana, sio ile ya 2019 ya kuhesabu watu. Naongea kuhusu kale kajicho kadogo kanakaa kando ya mkanda wa mashine kiwandani, kakihesabu chupa za soda na pakiti za unga.

Kazi yake ni rahisi. Inatoa mwanga, mara nyingi mwekundu ama infraredi ambayo macho yetu hayaoni. Kwa aina moja ya kawaida, upande wa pili kuna rifleta kama ile ya nyuma ya baiskeli, inarudisha mwanga. Pakiti ikipita, mwanga unakatika, sensa inahesabu moja. Hakuna uchawi hapo.

Sasa fikiria vumbi la unga. Linakaa kwa lensi, linakaa kwa rifleta, mwanga unaorudi unapungua pole pole. Unafika mahali mashine ikitetemeka kidogo tu, mwanga unapotea na kurudi. Sensa inadhani kitu kimepita. Tunajua wafanyakazi hewa, sivyo? Hizi ni pakiti hewa.

Na hapo ndio shida yangu iko. Baada ya kuacha chuo nilipiga kibarua kwa kiwanda fulani Indaa. Mashine ilikuwa inasema pakiti nyingi kuliko zilizofika stoo, na kila jioni sisi vibarua tulikuwa tunaangaliwa kama wezi. Tukakatwa pesa. Siku moja fundi akapitisha kitambaa kwa lensi, hesabu ikakaa sawa. Ile pesa haikurudi hadi wa leo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: hakuna mtu anafaa kukatwa mshahara juu ya namba ya sensa kabla sensa yenyewe ikaguliwe. Kuikagua si kazi ya siku nzima. Simamisha mashine na uhakikishe hakuna mtu ataiwasha ukiwa ndani. Pangusa lensi na rifleta na kitambaa laini. Wacha thina, lensi nyingi ni plastiki na itazifanya ziwe na ukungu. Angalia kama bolti zimelegea, maana jicho likiangalia kando halina maana. Angalia taa zake ndogo. Kama hakuna hata moja inawaka, nenda kwa waya: kwa kawaida ya kahawia ni chanya, ya buluu ni hasi, nyeusi ndio inabeba ishara. Pima na mita, nyingi zinatumia volti 24 za DC.

Kale kaskrubu ka kuongeza nguvu ya sensa kaguse mwisho kabisa. Wengi wanakimbilia hapo kwanza. Ukikaongeza bila kupangusa, umeficha uchafu, hujautoa. Halafu kesho chupa inayopitisha mwanga inapita na sensa haiioni.

Najua kuna mwenye atasema, "Mashine haina sababu ya kudanganya, mtu ndiye ako nayo." Ni kweli, mashine haina njaa. Lakini haina aibu pia. Itakupatia namba mbaya ikiwa imetulia tu. Na kama kweli kuna mwizi, hesabu safi ndiyo itamshika.

Mwingine atauliza mtu wa kuacha chuo anajua nini. Sawa, usiniamini. Hesabu pakiti mia moja kwa mkono, linganisha na mashine. Hiyo haihitaji digrii.

Viwanda vinaweza kubandika karatasi hapo kando ya mkanda: tarehe, saa, nani alipangusa. Na yule kibarua anasimama hapo masaa yote afunzwe kuifanya, kwa sababu yeye ndiye huona shida kabla ya mtu wa ofisi.

Na wewe ukiambiwa hesabu haitoshi, kabla hujatia sahihi chochote, uliza swali moja: hii lensi ilipanguswa lini?