Brooklands: Uwanja wa Kwanza wa Mbio za Motokaa

Mwanzoni mwa karne ya 20, sheria ya Uingereza haikuruhusu motokaa kupita mwendo wa maili 20 kwa saa barabarani. Sheria hiyo ilikuwa na maana yake, kwa kuwa barabara zilikuwa za waendao kwa miguu na za farasi. Lakini watengenezaji wa motokaa hawakuwa na mahali pa kujaribia injini zao, na wenzao wa Ufaransa na Italia walikuwa wakiwatangulia.

Tajiri mmoja, Bwana Hugh Locke King, aliazimu kuwapatia mahali. Katika shamba lake karibu na Weybridge, kusini-magharibi ya London, alijenga kwa saruji barabara ya kuzunguka, urefu wake karibu maili 2 na robo tatu, na upana wake futi 100. Kazi hiyo ilimlia mali nyingi na kumdhoofisha afya, hata mkewe, Bibi Ethel, akashika usimamizi. Uwanja ulifunguliwa tarehe 17 Juni, 1907, na Bibi Ethel mwenyewe aliongoza msafara wa motokaa.

Penye kona, upande wa nje uliinuliwa kama ukingo wa bakuli, kadiri ya futi 30, ili motokaa yenye mwendo mkali izunguke pasipo kutupwa nje. Lakini ardhi ilididimia chini ya saruji, na karibu na daraja la mto Wey pakawa na tuta lililorusha motokaa hewani.

Februari 1913, Percy Lambert alikuwa mtu wa kwanza kwenda zaidi ya maili 100 kwa muda wa saa moja. Oktoba mwaka ule ule, mpira wa gurudumu lake ulipasuka papo hapo Brooklands, naye akafa. Mwaka 1935, John Cobb alizunguka kwa mwendo wa maili 143 kwa saa, wala hakutokea wa kumshinda.

Vita vya mwaka 1939 vilikomesha mashindano, uwanja ukatwaliwa kwa kazi ya kuunda ndege, na mbio hazikurudi tena. Leo vimebaki vipande vya barabara ile na jumba la makumbusho.

Fundisho lake halikuzeeka. Wapendao mwendo mkali walijengewa mahali pao, mbali na watoto na wapita njia. Na hata huko, mpira mmoja uliopasuka ulitosha kumwua bingwa.