Mali Kauli ya Shisanhang

Alfajiri, mitaa ya Shisanhang mjini Guangzhou huwa imeshaamka. Marobota ya nguo yanasukumwa kwa mikokoteni, na mnunuzi asiyejua Kichina anapatana bei kwa kalkuleta: muuzaji anaandika tarakimu, mnunuzi anaifuta na kuandika yake. Mchana ukisonga, maduka mengi yanafungwa. Wiki kadhaa baadaye gauni lilelile linaning'inia Kariakoo, Dar es Salaam, au Eastleigh, Nairobi.

Anayeliuza huko mara nyingi ni kijana wa duka. Anajua wateja kwa majina, anajua rangi ipi itaisha kabla ya sikukuu. Asichokijua ni mzigo ulinunuliwa kwa nani, kwa bei gani, na ulisafirishwaje. Hiyo ni siri ya tajiri. Je, tajiri amfundishe kijana wake njia yote mpaka kwenye chanzo, akijua kwamba kesho anaweza kufungua fremu mkabala na yake?

Wengi hujibu hapana, na hofu yao ina msingi. Wapo vijana waliokimbia na mauzo, na wapo waliohama na wateja wote. Mtaji wa mfanyabiashara mdogo ukipotea mara moja, huenda usirudi tena. Anayemlaumu tajiri kwa tahadhari hajawahi kungoja kontena lililochelewa huku kodi ya fremu ikimsubiri.

Hata hivyo, mtaa huohuo anakonunua mzigo una historia inayomjibu. Jina Shisanhang lina maana ya kampuni kumi na tatu. Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842, biashara ya baharini ya China na nchi za Magharibi ilipitia Guangzhou peke yake, mikononi mwa wafanyabiashara wachache wenye kibali cha dola. Mkuu wao alikuwa Wu Bingjian, ambaye wageni walimwita Howqua. Mwaka 1834 utajiri wake ulikadiriwa kuwa dola milioni 26.

Mwaka 1830 alifika huko kijana wa Boston mwenye umri wa miaka 17, John Murray Forbes. Howqua hakumweka kijana huyu ghalani kuhesabu makasha ya chai. Alimkabidhi barua zake za biashara na ng'ambo, akamwachia shehena zake azisimamie kwa jina lake mwenyewe Forbes, na akampa sehemu ya faida. Mgeni ambaye hata ndevu hazijamkomaa alishika mali ya mtu tajiri kuliko wote bandarini. Kariakoo tungesema amepewa mali kauli: mzigo unaotoka kwa neno tu, bila fedha mkononi. Forbes alirudi kwao akawa mmoja wa wajenzi wakubwa wa reli za Marekani, na sehemu ya fedha alizowekeza huko ilikuwa ya Howqua. Mwalimu aliendelea kula matunda ya mti alioupanda.

William Hunter, Mmarekani aliyefanya kazi Guangzhou miaka hiyo, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1882 habari ya Mmarekani mwenzake aliyedaiwa na Howqua dola 72,000 akashindwa kurudi nyumbani. Howqua aliitoa hati ya deni, akaichana, akamruhusu aondoke.

Lakini tuangalie pia Howqua alivyotendewa na waliokuwa juu yake. Maofisa wa dola walimkamua kwa michango isiyokwisha. Mwaka 1826 alijaribu kustaafu na kumwachia mwanawe nafasi, lakini wakaendelea kumbana kana kwamba hakutoka. Mwaka 1839, katika mgogoro wa dola na wageni juu ya biashara ya afyuni, alipelekwa mbele ya wageni akiwa na minyororo shingoni. Wenzake kadhaa walikuwa wameshafilisika. Si ajabu, basi, kwamba fedha zake zilivuka bahari. Dola ilimthamini kama kisima, akaipeleka imani yake kwa kijana wa mbali aliyemheshimu.

Hapo ndipo ninapopingana na tajiri wa Kariakoo. Anadhani siri inambakiza kijana, kumbe ndiyo inayomfukuza. Kijana aliyefungiwa mlango huondoka kwa dirisha, na akiondoka hivyo huondoka na kinyongo na namba za wateja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunatoa jembe miaka kumi, lakini shamba hatulionyeshi.

Waigbo wa Nigeria, ambao wengi wao wamefanya biashara eneo la Sanyuanli hukohuko Guangzhou, wana utaratibu wa kijana kujifunza biashara kwa bosi, kwa miaka iliyokubaliwa na familia zote mbili. Muda ukiisha, bosi humpa kijana mtaji wa kuanzia. Mfumo huo nao una dosari: wapo mabosi wanaomsingizia kijana wizi siku za mwisho ili wasimlipe. Ndiyo maana makubaliano yanataka mashahidi. Imani haipingani na maandishi. Maandishi humlinda tajiri na kijana pia.

Wala kumwinua mtu hakutoshi pasipo maadili. Kampuni ya Russell, ambamo Forbes alikuwa mshirika, iliuza pia afyuni iliyowaangamiza Wachina. Anayemfundisha kijana kupata faida amfundishe na faida ipi ni haramu.

Haya si ya wenye maduka tu. Mkurugenzi anayekwenda mwenyewe kila mkutano, na mwenyekiti asiyemwachia makamu hata kikao kimoja, wanaficha chanzo cha mzigo vilevile.

Si lazima kuanza na makubwa. Robota moja la mali kauli, likilipwa, yawe mawili. Kisha safari ijayo ya China tajiri akate tikiti mbili. Wakifika Shisanhang alfajiri, muuzaji akaandika bei yake, kalkuleta aishike kijana. Tajiri asimame kando, anyamaze, hata kama yeye angepata bei nafuu zaidi.