Hati ya Kiwanja Si Ruhusa ya Kujenga

Imani kwamba mwenye hati anaweza kujenga apendavyo imeenea katika miji ya Tanzania, na imewagharimu watu nyumba na hata roho zao. Ni imani potofu tangu kwenye mzizi wake. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Hati humpa mtu haki ya kuitumia kwa muda, kama miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 nayo inakataza kuendeleza ardhi katika eneo la mipango bila idhini ya mamlaka husika.

Wapo wanaoridhika na barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Barua hiyo inamtambulisha mkazi, haiidhinishi jengo. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri.

Mwombaji huwasilisha uthibitisho wa umiliki na michoro inayoonyesha vyumba, msingi, paa, umbali wa jengo kutoka mipaka ya kiwanja na mahali pa shimo la maji taka. Jengo la ghorofa huhitaji pia michoro ya mhandisi. Afisa mipango miji hutazama matumizi ya kiwanja, afisa afya hutazama hewa, mwanga na maji taka, na mhandisi hupima uimara. Shimo la choo lililochorwa jirani na kisima cha watu huhamishwa kwa kalamu. Likishachimbwa, jirani ndiye anayeugua.

Kibali hakiishii kwenye karatasi. Nguzo iliyosukwa kwa nondo nyembamba haitofautiani kwa macho na nguzo imara ikishamwagwa zege na kupigwa plasta. Ndiyo maana mkaguzi anapaswa kuitwa kabla ya kumwaga, si baada ya jengo kupauliwa. Na anayebadili mchoro au kuongeza ghorofa hana budi kurudi halmashauri. Jengo la ghorofa 16 lililoporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, lilikuwa limepandishwa kupita kiwango kilichoidhinishwa.

Hoja kwamba nyumba ya chini haina hatari haisimami. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na waliobomolewa nyumba katika Bonde la Msimbazi mwishoni mwa mwaka 2015 hawakuwa wamejenga maghorofa. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilivunjwa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Mipaka ya namna hiyo ndiyo inayopaswa kukaguliwa kabla ya tofali la kwanza.

Kinachosemwa zaidi ni kwamba kibali ni mradi wa kukusanya ada na kumzungusha mwananchi. Mizunguko ipo, na halmashauri inayokalia michoro kwa miezi inachochea ujenzi holela inaoulaumu. Lakini dawa yake ni kudai stakabadhi kwa kila malipo, kudai majibu ya maandishi na kupeleka malalamiko kwa mkurugenzi na diwani. Kujenga usiku au Jumapili hakumkomoi ofisa yeyote; kunamwachia mwenye nyumba alama ya X ya kubomolewa ukutani.

Utaratibu wa kumlinda mjenzi unafahamika: kuuliza mipango miji kabla ya kununua kiwanja, kuchoresha kwa mtaalamu aliyesajiliwa, kusubiri kibali, kuita wakaguzi kila hatua, na kupata idhini kabla ya kuhamia. Anayeruka hatua hizo anaweka akiba ya miaka yake mahali ambapo sheria haiwezi kumtetea.